Tanuri la gesi nyuma ya nyumba, na hewa niliyoisahau

Kilichonipeleka kwenye gesi ni bakuli moja dogo. Lilikuwa na kijani cha maji yaliyotulia, na pale mchoro ulipochimbwa kwenye udongo gilezi ilikuwa imejikusanya ikakoza, kama kina. Gilezi ni ule uji wa madini ambao mfinyanzi hukipaka chombo, nao ukipata moto huyeyuka ukawa kioo. Nilimuuliza mzee aliyelifinyanga ametia nini humo, nikitarajia kutajiwa madini adimu. Akanijibu kwamba ni chuma, asilimia moja au mbili tu, chuma hikihiki kinachotoa kutu. Kilichofanya kazi, akasema, ni moto ulionyimwa hewa.

Mimi nilikuwa nimechoma vyombo kwa umeme kwa miaka kadhaa, na chuma hichohicho kwangu kilitoka njano iliyofifia. Ndani ya tanuri la umeme hakuna kinachowaka, kwa hiyo hewa imejaa tele na chuma hushiba oksijeni. Kwenye gesi iliyobanwa hewa, moto wenyewe una njaa ya oksijeni, na ukiikosa hewani huinyang'anya kwenye madini ya gilezi. Chuma kikinyang'anywa hugeuka kijani au samawati. Shaba, ambayo kwenye hewa ya kutosha huwa kijani, hugeuka nyekundu kama damu. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeshaamua kujenga. Sikujua kwamba yule mzee alikuwa amekwisha kuniambia jambo lote kwa sentensi moja, na kwamba ingenichukua miaka miwili na michomo kumi na mmoja kulisikia.

Nilianza na mahali, na hapo namshukuru Mungu niliwasikiliza wenye uzoefu. Gesi ya mitungi, yaani propani ambayo mara nyingi imechanganywa na butani, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai ikapotea. Hushuka, hutambaa sakafuni kama maji na kujikusanya shimoni, mferejini au kwenye chumba cha chini, ikisubiri cheche. Tanuri nikaliweka kwenye banda la bati lililo wazi pande tatu, mbali na kitu chochote cha mbao. Mitungi ikakaa nje, wima, nyuma ya ukuta wa matofali, zaidi ya mita 3 kutoka kwenye moto. Kabla ya tofali la kwanza niliuliza sheria za zimamoto na za ujenzi, na nikamwita fundi wa gesi mwenye leseni aupitie mchoro wangu. Alifuta mstari mmoja tu kwa kalamu yake: nilikuwa nimeupitisha mpira wa gesi nyuma ya dohani, mahali ambapo baadaye nilipima nikakuta bati linachoma mkono. Malipo ya saa moja ya fundi yule ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko yote katika kazi hii.

Kuhusu umbo, nilichagua tanuri la mwali wa kushuka. Yapo matanuri ambayo moto huingia chini na kutokea juu, na kuyajenga ni rahisi, ila joto hukimbia kabla halijafanya kazi. Kwenye la mwali wa kushuka, miali huingia chini pembeni, hupanda ukutani, hugonga tao la juu, kisha huvutwa tena chini ikipita katikati ya vyombo hadi kwenye tundu lililo nyuma sakafuni, na hapo ndipo huingia dohani. Kinachoivuta ni dohani yenyewe. Hewa ya moto iliyomo ndani yake ni nyepesi, inapanda, na inapopanda inafyonza iliyo nyuma yake. Wajenzi wana kipimo cha kuanzia: kwa kila futi ambayo moto unashushwa, dohani iwe na futi 3 za kwenda juu, na kwa kila futi 3 ambazo moshi unasafiri kwa ulalo, ongeza futi 1. Chumba changu kina sentimita 60 kwa 60, na sentimita 75 kutoka sakafuni hadi kileleni mwa tao. Hesabu ilinipa mita 2 na nusu na ushei. Nikajenga mita 2.6.

Matofali ndiyo yaliyoniumiza kwanza. Nilitaka yale mepesi, yenye vishimo vingi kama sponji, kwa sababu hayanywi joto jingi. Tofali zito la moto la ukubwa wa kawaida lina kama kilo 3 na nusu, na lazima lishibe joto lenyewe kabla chumba hakijapanda, na joto hilo ni gesi yako. Jepesi la ukubwa huohuo halifiki kilo moja na nusu, na unalikata kwa msumeno wa mbao. Lakini mepesi yana madaraja. Daraja la 23 linahimili nyuzi 1,260 za Selsiasi, la 26 linahimili kama nyuzi 1,430. Namba hizo ni mamia ya nyuzi za Farenhaiti. Mimi nilikuwa nakusudia kuchoma hadi koni ya 10 (koni ni kipimo cha uivaji, nitakieleza mbele), karibu na nyuzi 1,290, kwa hiyo 23 mbele ya moto haikuwa na nafasi kabisa.

Nikapata shehena ya matofali yaliyokwisha kutumika, sura nzuri, kingo zimenyooka. Muuzaji akaniapia kuwa ni 26. Sikuwa na njia ya kujua, na nilitaka sana kuamini, nikayapakia. Baada ya mchomo wa kwanza wa joto la juu nilipochungulia kwa tochi niliona ukuta umejaa mianya. Matofali yaliyokuwa mkabala na moto yalikuwa yamesinyaa, na kati ya moja na jingine niliweza kuingiza ncha ya kidole. Niliubomoa ukuta wote wa ndani. Matofali yale hayakwenda jalalani, yapo hadi leo kwenye ukuta wa nje ambako joto haliyafikii kwa ukali huo. Sasa tofali nisilolijua asili yake nalikata kipande, napima urefu wake kwa milimita, namwomba mwenzangu anichomee kwenye tanuri lake hadi koni ya 10, kisha napima tena. Tofali la kweli linarudi na urefu wake.

Jambo moja kuhusu kukata matofali, na hili nalisema kwa msisitizo. Vumbi lake lina silika, madini yaleyale ya mchanga. Silika laini ikiingia mapafuni haitoki, na mapafu huganda kidogokidogo bila dawa ya kuyarudisha. Sufi ya kauri, ile ya kama blanketi ambayo wengi hufunikia tao, nayo hutoa nyuzi za kuogopwa vilevile, hasa ikishaonja moto. Kitambaa puani hakisaidii. Vaa barakoa ya kichujio, lowesha tofali, kata nje, na usifagie vumbi likiwa kavu.

Kosa la pili lilikuwa la saruji. Mwili wa tanuri niliupanga makavu, tofali juu ya tofali, lakini kwenye kitako cha dohani nikaona heri nijengee saruji ili isimame imara. Saruji ya kawaida inashikamana kwa maji yaliyofungwa ndani ya umbile lake, na ikipashwa kwa mamia ya nyuzi maji hayo huiacha. Kwenye kitako cha dohani moshi hupita ukiwa na nyuzi zaidi ya elfu moja. Baada ya mchomo wa nne niligusa kiungo kimoja kwa kidole, kikamiminika kama unga. Dohani ya mita 2.6 ilikuwa imesimama kwa uzito wake na kwa rehema. Nikaishusha yote, nikaijenga upya kwa matofali ya moto na kiunganishi cha kaolini, ule udongo mweupe wa kauri, iliyochanganywa na unga wa matofali ya moto yaliyosagwa, tabaka jembamba tu, kisha nikaifungia fremu ya chuma.

Kuhusu tao, hiyo ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote.

Tao halina uzito wa kwenda chini peke yake, lina msukumo wa pembeni pia, na usipoubana, kuta hufunguka kama kitabu. Kwa hiyo pembe nne za tanuri zina vyuma vya L vilivyounganishwa na fimbo za chuma zenye nati. Kijana aliyekuja kuchomelea alikuwa hajawahi kuona tanuri la vyombo. "Mama, vyuma vyote hivi vya nini na kijumba chenyewe kidogo hivi?" Nikamwonyesha kwa mikono: vidole vyangu kama matofali ya tao, naye anisukume kwa juu. Viwiko vyangu vikatanuka. Akacheka, akaelewa, na kuanzia hapo alikuwa mkali kuliko mimi kuhusu kila kiungo.

Tulikuwa tumetengeneza kalibu ya plaiwudi ya kulishikilia tao, tukaiegemeza juu ya kabari nne za mbao, na juu yake tukapanga matofali niliyokuwa nimeyakata mshazari kwa siku tatu. Jiwe la katikati, lile la mwisho, liliingia kwa kugongwa na nyundo ya mpira. Kisha tukaanza kuzitoa kabari, moja huku, moja kule, kwa zamu. Ya nne ilipochomoka, tao lilitoa mlio mfupi, tofali kukwaruzana na tofali, likashuka kiasi cha unene wa kucha, likakaa. Mstari mmoja wa vumbi jeupe ukadondoka katikati ya kalibu. Hakuna aliyesema neno. Kijana akaweka kiganja chake juu ya tao taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. "Limejishika lenyewe," akasema. Nikaivuta kalibu nje, nikaingiza kichwa, nikatazama juu. Mwanga haukupenya popote.

Bana zangu, yaani vichomeo vya gesi, ni mbili na hazina feni. Gesi inatoka kwa kasi kwenye tundu jembamba kuliko njiti ya kiberiti, na kasi hiyo huivuta hewa ya pembeni iingie nayo kwenye bomba. Kila bana ina vali ya usalama yenye themokapo, yaani kihisio cha joto: mwali mdogo wa kuwashia ukizimika, vali inajifunga yenyewe. Nimewaona watu wanaoiruka ili kupunguza gharama, na nawasihi wasifanye hivyo. Mwali ukizimika chumba kikiwa bado hakijawa chekundu, gesi inaendelea kumiminika gizani, na anayewasha tena anawasha bomu. Viungo vyote vya mpira na bomba vinapakwa povu la sabuni kabla ya kila mchomo. Mara moja nimewahi kuona kipovu kikikua, polepole, ukubwa wa punje, kisha wa zabibu. Sikusikia harufu yoyote. Kipovu ndicho kilichoniambia.

Mchomo wa kwanza nilichoma tanuri tupu, kwa moto mdogo kama wa mshumaa usiku kucha, kwa sababu matofali hunywa unyevu na yakipashwa haraka hupasuka. Asubuhi kuta za nje zilikuwa zinatoa jasho. Mchomo wa pili ulikuwa na vyombo, dampa (kibamba kinachobana njia ya dohani) wazi, hewa tele, na ulikwenda vizuri kiasi cha kunitia kiburi. Mtungi mmoja tu wa udongo ulipasuka huko ndani, nao ulikuwa na kitako kinene ambacho hakijakauka. Maji yaliyobaki kwenye udongo yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hujitengenezea. Magae yake niliyasaga, yakarudi kwenye udongo.

Kisha ukaja mchomo wa tatu, wa kwanza kubana hewa, na kuta mpya za daraja la 26.

Hadi nyuzi 900 kila kitu kilitii. Hapo nikasukuma dampa ndani, nikafungua gesi, na ulimi wa moto ukaanza kuchungulia kwenye tundu la kuchungulia. Nikafurahi, nikasema kijani changu kinakuja. Saa mbili usiku kipimo kilisoma 1,140. Saa tatu, 1,140. Saa nne kilikuwa 1,137. Nikaongeza gesi. Ulimi wa moto ukarefuka ukawa kama mkono wangu kutoka kiwiko, rangi ya machungwa, ncha yake inafuka. Joto likashuka nyuzi 4. Nikaongeza tena, likashuka tena. Matofali ya mlango yalikuwa meusi kwa masizi na geji ya gesi ilikuwa inaanguka, kwa hiyo nilikimbilia mitungini na tochi. Mtungi ulikuwa umevaa barafu hadi nusu, nyeupe, mahali palepale ulipoishia uowevu. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na ili igeuke gesi huchukua joto kutoka kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Ukiivuta kwa kasi kuliko mtungi unavyoweza kupata joto, inapoa, shinikizo linaanguka. Kamwe usipashe mtungi kwa moto. Dawa ni kuunganisha mitungi kadhaa ili mzigo ugawanyike, na tangu hapo natumia mitatu.

Lakini usiku ule mtungi haukuwa ugonjwa wenyewe. Saa sita kasoro nilimpigia simu yule mzee wa bakuli.

"Shikamoo mwalimu. Nisamehe kwa saa hizi."

"Marahaba. Uko kwenye moto?" Alikuwa amejua kwa sauti. "Mwali unaotoka nje ukoje?"

"Mrefu, wa machungwa, unafuka."

"Basi punguza gesi."

Nilidhani hajanisikia. "Mwalimu, joto ndilo halipandi."

"Nimekusikia, binti yangu. Punguza gesi, fungua dampa upana wa kidole kimoja, halafu usiguse kitu robo saa. Kaa chini."

Nilikaa chini. Ni vigumu kueleza ilivyoniuma kufunga gesi wakati tanuri lilikuwa linanyimwa joto, kila kiungo changu kilitaka kufanya kinyume. Mwali uliingia ndani, ukabaki kijisehemu cha kijani kinacholamba kingo za tundu. Mngurumo wa bana ukabadilika, ukawa wa chini na laini. 1,133. 1,135. 1,141. Saa saba usiku tulikuwa 1,190 na bado linapanda.

Hesabu yake ni nyepesi na nilikuwa nimeisoma kabla. Kipimo kimoja cha propani kinahitaji takriban vipimo 24 vya hewa ili kiungue chote. Gesi inayozidi hewa haiungui chumbani. Inapita kama mgeni, inabeba joto la vyombo, na inawaka inapokutana na hewa ya nje, kwenye tundu la kuchungulia au kileleni mwa dohani. Ule mwali mrefu nilioufurahia ulikuwa gesi yangu inayowaka mahali ambapo hakuna chombo. Nilikuwa nimejenga kuta, tao, dohani na njia ya gesi kwa uangalifu wote, na hewa nikaiacha ijitafutie. Tangu usiku ule, nikitaka kupandisha joto naanza na dampa na vifuniko vya hewa vya bana. Vali ya gesi ndiyo ya mwisho.

Kubana kwenyewe sasa nakufanya kwa kiasi. Kwenye nyuzi 900 hivi, wakati gilezi bado iko wazi na udongo unaweza kupumua, nabana vizuri kwa dakika 45. Baada ya hapo naacha moto uwe na njaa ndogo tu, ulimi mfupi wa kijani kwenye tundu la chini, na tanuri linapanda nyuzi 60 hadi 80 kwa saa bila kugoma. Karibu na mwisho nalipatia tanuri hewa safi dakika chache. Masizi hayana kazi. Moshi mweusi ukitoka dohani ujue umepitiliza, na majirani wanaona.

Kinachotoka humo wakati wa kubana ni kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Mchomo wa sita upepo uligeuka jioni ukausukuma moshi hadi karakana ambako nilikuwa naandaa gilezi mlango ukiwa wazi. Nilipata kichwa cha kuuma na miguu mizito nikadhani ni uchovu. Mwanangu aliyeingia ndiye aliyesema, "Mama, mbona macho yako hivyo? Toka nje." Nilitoka, nikakaa hewani, nikapata nafuu baada ya saa kadhaa. Kesho yake nilinunua king'ora cha kaboni monoksidi, na mlango ule siku ya kuchoma unafungwa. Najua ningeweza kulala pale.

Niseme pia kuhusu koni, maana wengi huzidharau wakishanunua kipimo cha umeme. Koni ni kijipembe cha madini ya gilezi kinachoinama kikishapata moto wa kutosha. Chombo hakiivi kwa joto peke yake, huiva kwa joto na muda pamoja, na koni inaupima muungano huo kwa sababu nayo inaiva. Kipimo changu cha umeme kina ncha iliyokuwa karibu mno na njia ya mwali, kilikuwa kinanidanganya kwa nyuzi 30 au zaidi. Sasa naweka koni tatu juu na tatu chini: ya 9 ya kunionya, ya 10 ninayoitaka, ya 11 ya ulinzi. Unazitazama kwa miwani ya kukinga mwanga mkali, na unapuliza kidogo kwenye tundu ili zionekane kwenye ule weupe. Ndizo zilizonionyesha kwamba chini ya tanuri langu palikuwa nyuma ya juu kwa koni mbili nzima. Niliondoa mstari mmoja wa matofali kwenye kile kiukuta kinachokinga vyombo dhidi ya bana, mwali ukapata kwenda chini mapema, na nikaacha upana wa vidole vinne chini ya rafu ya kwanza ili tundu la kutokea lisizibwe. Tofauti ikabaki nusu koni, na hiyo naitumia: gilezi zinazopenda joto kidogo zinakaa chini.

Rafu zinapakwa uji wa alumina (unga mweupe usioyeyuka kwa joto la tanuri) na kaolini, nusu kwa nusu, ili gilezi ikidondoka ibanduke. Sina zaidi la kusema hapo.

Kupoa kumenigharimu vyombo vingi kuliko kuchoma. Silika iliyomo kwenye udongo hubadili umbo lake kwa ghafla kwenye nyuzi 573, na aina nyingine ya silika hufanya hivyo karibu na nyuzi 226. Chombo kikipita hapo upande mmoja ukiwa na baridi kuliko mwingine, kinapasuka. Mchomo wa tano nilitoa matofali mawili ya mlango kwenye nyuzi 260 kwa sababu nilishindwa kungoja. Nilisikia mlio mmoja mkali, kisha mwingine. Sahani mbili kubwa zilikuwa zimekatika ukingo hadi ukingo, mkato safi kama wa kisu. Wahenga wanasema mfinyanzi hulia gaeni, na mimi vipande vile nimevibakiza mezani, naviwekea funguo na vijiti vya kuchorea. Nikizima sasa naziba bana, naziba dampa, nakwenda zangu. Saa 36, nikiweza 40.

Mchomo wa 11 niliufungua Jumapili asubuhi, mikono mitupu. Tofali moja la mlango, la pili, la tatu. Ndani mlikuwa mnalia: gilezi ikipoa hutoa milio midogo, kama kengele za mbali sana, moja huku, moja kule. Bakuli lilikuwa rafu ya katikati. Ukingoni, gilezi ilipokuwa nyembamba, udongo ulikuwa umeungua kahawia. Kwenda chini kijani kilianza kama pumzi kwenye kioo, kikaongezeka, na ndani ya majani niliyoyachimba kwa kijiti cha mwanzi kilikuwa kimesimama kikiwa kimekoza. Nililishika kwa mikono miwili. Bado lilikuwa na uvuguvugu kwenye kitako.

Nilimpelekea mwalimu siku ileile. Aliligeuza, akatazama kitako kwanza, akalipeleka dirishani. "Hewa yako imekaa," akasema. Kisha akaniuliza dampa ilikuwa wapi kwenye nyuzi 1,200, na nikatoa daftari nikamsomea.